Probi ya CNC ikitoa vipimo visivyoaminika: tafuta kosa kabla ya kukalibri upya

Probi ya fresa ya CNC, yaani kifaa kinachopandishwa kwenye spindeli na kupima kipande kwa kukigusa, inapoanza kutoa vipimo vya kutia shaka, mkono wa fundi hukimbilia kukalibri upya. Mara nyingi hapo ndipo kosa linapoanza. Kukalibri hakutengenezi chochote. Kunaiambia mashini tu kwamba hivi ndivyo probi ilivyo leo. Kama leo sindano (kijiti chenye kipira kinachogusa kipande) imelegea, koni ya kishikio ina uchafu, au pete ya kipimo (pete ya chuma ya kipenyo kinachojulikana) imetolewa kabatini sasa hivi ikiwa na baridi, mashini itaiweka hitilafu hiyo kwenye kumbukumbu na kuitumia kwa kila kipande kitakachofuata. Kwa ateliye za Lubumbashi zinazochonga bushi za bronzi, mihimili ya pampu na vipuri vya vinu kwa ajili ya migodi ya upande wa Likasi na Kolwezi, kosa la 0.02 mm kwenye kiti cha beringi linatosha kipuri kurudishwa.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi uwe huu: kwanza jua kosa ni la aina gani, kisha ondoa chanzo chake, mwisho kalibri.

Probi inahesabu nini

Probi nyingi za kugusa zimejengwa kwa namna moja. Ndani kuna vipande vitatu vya chuma vya mviringo, kila kimoja kimekaa juu ya gololi mbili, na springi inavikandamiza vyote. Umeme mdogo unapita katika migusano hiyo sita. Kipira cha yakuti kikisukumwa na uso wa kipande, mgusano unaanza kufunguka, ukinzani unapanda, na probi inashtuka: inatuma ishara, mashini inanasa mahali mihimili yake ya mwendo (X, Y na Z) ilipo wakati huo. David McMurtry alibuni kifaa hiki mwaka 1972 ili kupima mabomba ya mafuta ya injini za Olympus za ndege ya Concorde, na mwaka uliofuata ikaanzishwa kampuni ya Renishaw. Muundo wenyewe haujabadilika sana tangu hapo.

Jambo la kushika ni hili: kati ya kipira kugusa na probi kushtuka, mashini imeshasogea kidogo. Sindano inapinda, springi inakubali, ishara inasafiri. Tuuite mwendo wa ziada. Ndiyo sababu kipira cha mm 6, ambacho nusu kipenyo chake halisi ni 3.000, kikikalibriwa hutoa namba ndogo zaidi, kwa mfano 2.988 au 2.992. Hiyo si hitilafu. Ni 3.000 ukitoa mwendo wa ziada.

Ukilijua hilo, namba ya kukalibri yenyewe inakuwa chombo cha uchunguzi:

Ikitoka 3.004, yaani kubwa kuliko kipira chenyewe, kuna kitu hakiwezekani. Karibu kila mara kipenyo cha pete kimeandikwa vibaya kwenye programu, au pete ina uchafu ndani, au kipira hakikupita katikati ya pete.

Ikitoka 2.950, mwendo wa ziada wa mikroni 50 (mikroni moja ni 0.001 mm) ni mwingi mno kwa sindano fupi. Sindano imelegea, au ni ndefu na laini, au mwendo wa kugusa ni wa haraka kupita kiasi, au skrubu za gololi zinazosogeza mihimili ya mashini zina mchezo, yaani zimelegea kidogo.

Hilo la mwisho linastahili maelezo, kwa sababu huwapotosha hata mafundi wazuri. Mchezo wa skrubu ukiwa sawa kila mahali hujificha ndani ya namba ya kukalibri. Probi ikienda upande wa kulia meza inachelewa kidogo, ikienda kushoto inachelewa kidogo pia, na machelewesho hayo yanajumlishwa na mwendo wa ziada kana kwamba ni kitu kimoja. Baada ya kukalibri, probi itapima matundu vizuri kabisa, lakini zana ya kukata haijui kitu, itakata ikiwa na mchezo wake. Unaishia na probi inayosema pete ni ya mviringo safi, huku tundu ulilokata, ukilipima kwa alezometa (kifaa cha kupima kipenyo cha ndani), lina kipenyo tofauti kwa X na Y. Tena mchezo hauko sawa kila mahali: skrubu hulika zaidi katikati ya meza, pale jiliwa inapokaa miaka yote. Kalibri pete ikiwa kwenye kona, kisha ihamishie katikati na urudie. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya mikroni 4 au 5, ugonjwa uko kwenye mashini, na probi imefanya kazi yake ya kukuonyesha.

Majaribio manne, kila moja likiongeza mshukiwa mmoja

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, fanya majaribio haya kwa mpangilio huu. Usiruke. Nguvu yake iko kwenye mpangilio.

La kwanza: gusa sehemu ileile mara kumi bila kutoa probi kwenye spindeli, bila kuzungusha spindeli, kwa mwendo uleule. Chagua uso uliosagwa vizuri, kama kipande cha kipimo kilichobanwa mezani. Andika namba zote kumi. Tofauti kati ya kubwa na ndogo ikiwa mikroni 2 au 3, probi na sindano ni nzima. Probi kama OMP40-2 ya Renishaw hutangazwa kuwa na urudiaji wa mikroni 1 kwa upande mmoja, na zile zinazotumia vihisi vya mkazo, kama OMP400, hufika mikroni 0.25. Mashini yenyewe mara nyingi inasoma kwa hatua za mikroni 1, kwa hiyo usidai zaidi ya hapo.

Tazama namba zinavyokaa, si ukubwa wa tofauti peke yake. Zikipanda au kushuka polepole upande mmoja, hilo ni joto. Zikirukaruka kati ya thamani mbili, mfano 0.003, 0.011, 0.003, 0.012, kuna kitu kinakaa mara hapa mara pale: sindano haijakazwa, au vile vipande vitatu ndani ya probi havirudi kwenye gololi zake. Zikitawanyika bila mpango, tafuta mtikisiko, uso mchafu, au kipande kisichobanwa.

La pili: rudia mguso uleule mara kumi, lakini kati ya kila mguso spindeli izungushwe kisha irudishwe kwenye pembe yake kwa M19. Kama la kwanza lilikuwa zuri na hili ni baya, spindeli hairudi kwenye pembe ileile.

La tatu: rudia, lakini kila mara probi irudishwe kwenye kibadilisha zana na kuitwa tena. Ubaya ukianzia hapa, chanzo ni koni, tireti (bolti ya nyuma ya kishikio ambayo spindeli huivuta), au uchafu kwenye spindeli.

La nne: pima tundu au pete moja kutoka pande zote, na katika sehemu mbili au tatu za meza. Ubaya ukianzia hapa tu, ni mchezo wa skrubu, kutokuwa mraba kwa mihimili, au tabia ya probi yenyewe ya kushtuka kwa nguvu tofauti kwa kila upande. Ule muundo wa vipande vitatu hufanya upande mmoja uhitaji nguvu zaidi kuliko mwingine, na kosa linajirudia mara tatu kwenye mzunguko. Kwa sindano ya mm 50 kosa hili ni dogo. Kwa sindano ya mm 100 au 150 linaonekana wazi, na dawa yake ni kukalibri kila nyuzi 30 badala ya X na Y tu. Katika makro za Renishaw (programu ndogo zilizo tayari) kazi hiyo inafanywa na P9804.

Sindano

Makosa mengi ya jaribio la kwanza yanaishia hapa, na kurekebisha hakugharimu chochote.

Toa sindano, safisha uzi wake na tundu lake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi, kisha irudishe na kuikaza. Uzi wa kawaida kwenye probi za mashini ni M4, na nguvu ya kukaza ni karibu 2 Nm. Tumia kifunguo kidogo kilichokuja na probi. Koleo inakwaruza shina, na ukikaza kupita kiasi utaharibu utando unaokinga utaratibu wa ndani. Kama kuna kiungo cha kuvunjika kati ya sindano na probi, kile chembamba kinachokatika probi ikigonga, kikague pia. Mgongano mdogo unaweza kukipinda bila kukikata, na jicho halioni.

Kipira kikague kwa kioo cha kukuzia. Yakuti ni ngumu lakini inamomonyoka ikigonga ukingo wa kipande. Gundi inayoshika kipira inaweza kuachia pia: kishike kwa vidole viwili ujaribu kukizungusha. Kikizunguka hata kidogo, hakuna cha kurekebisha. Tupa, weka nyingine.

Tumia sindano fupi kadiri kazi inavyoruhusu. Kutoka mm 50 hadi mm 100, mwendo wa ziada unakua mara mbili au zaidi, na kila kosa dogo la ndani linakuzwa mwishoni mwa sindano. Kama lazima iwe ndefu, chukua yenye shina la nyuzi za kaboni badala ya chuma. Agiza mbili au tatu kwa pamoja. Kipuri kinachosubiri Johannesburg kisha foleni ya mpakani Kasumbalesa kinaweza kusimamisha kazi ya wiki nzima kwa sababu ya kitu cha ukubwa wa kiberiti.

Kipira kuwa katikati ya spindeli

Weka komparateri ya mkono mdogo, ile yenye kidole cha pembeni, kwenye tumbo la kipira, mahali penye upana mkubwa kabisa. Komparateri ya kawaida yenye fimbo ina springi kali, itaisukuma sindano na kukupa namba ya uongo. Zungusha spindeli kwa mkono taratibu. Mshale ukitembea ndani ya 0.01 hadi 0.02 mm kwa mzunguko mzima, endelea. Ukizidi, legeza skrubu zisizo na kichwa zilizo kwenye kishikio, sogeza kwa kulegeza moja na kukaza ya upande wa pili, na mwisho zikaze zote kisha upime tena. Kukaza kwa mwisho ndiko kunakohamisha kipira, kwa hiyo kipimo cha kabla ya kukaza hakihesabiki. Kamwe usiiwashe spindeli kwa kasi probi ikiwa ndani, isipokuwa kama ni ya aina inayowashwa kwa kuzungushwa, na hata hiyo kwa kasi ya kitabu chake.

Hata baada ya hapo, kipira hakitakuwa katikati kabisa. Mashini inaweka kumbukumbu ya mkengeuko uliobaki, na mkengeuko huo una maana kwa pembe moja tu ya spindeli. Hapa ndipo linapozaliwa kosa maarufu: kipenyo cha tundu ni sahihi kabisa, lakini kitovu kimehama, tuseme 0.03 mm. Ukiona hivyo, tazama kwanza kama probi imewekwa kwa kugeuzwa. Vishikio vya BT vina nafasi mbili zinazofanana za funguo, kwa hiyo vinaingia kwa pande mbili. Fundi akiipandisha probi kwa mkono ikiwa imegeuka nyuzi 180, mkengeuko unasahihishwa kwa upande usio wake na kosa linakuwa mara mbili. Piga alama ya rangi kwenye kishikio na kwenye pua ya spindeli, na kila mtu wa zamu aijue.

Jaribio la kuthibitisha: pima kitovu cha pete, geuza spindeli nyuzi 180, pima tena. Tofauti ya vitovu viwili ukiigawa kwa mbili ndiyo kiasi kipira kilivyo nje ya katikati.

Koni na tireti

Koni ya BT40 ina mteremko wa 7 kwa 24. Maana yake, kosa la 0.01 mm kwenye kipenyo cha koni linahamisha probi kwa karibu 0.034 mm kwenye Z. Utando wa mafuta yaliyokauka, vumbi jekundu la kiangazi lililochanganyika na maji ya kupozea, chembe moja ya chuma: vyote hivyo vinatosha. Chembe ikiwa upande mmoja tu, probi inalala, na X na Y zinaharibika pia.

Safisha ndani ya spindeli kwa kifaa chake cha kufutia, futa koni, kisha uikague kwa mwanga. Alama za kutu ya kahawia zinaonyesha koni haishiki kote. Angalia na kompresa. Msimu wa mvua, tanki lisilotolewa maji hupuliza unyevu ndani ya spindeli kila zana inapobadilishwa, na baada ya miezi michache kutu inatulia palepale koni inapokaa. Toa maji ya tanki kila asubuhi, na kichujio cha hewa kiwe na bakuli safi. Tireti ikiwa imelegea au si ya urefu wa mashini yako, nguvu ya kuvuta inabadilika, na Z itabadilika kila probi inapoitwa.

Mwendo wa kugusa

Makro nyingi zinagusa mara mbili: mara ya kwanza kwa haraka ili kutafuta uso, mara ya pili polepole, kwa mfano mm 30 kwa dakika. Namba inayotunzwa ni ya mguso wa pili. Mm 30 kwa dakika ni nusu milimita kwa sekunde. Ishara ikichelewa milisekunde 10, mashini imeshasogea mikroni 5. Kwa mm 60 kwa dakika ni mikroni 10. Kucheleweshwa huko hakudhuru mradi kuwe kulekule wakati wa kukalibri na wakati wa kupima. Kubadilisha mwendo baada ya kukalibri ndiko kunakoleta kosa.

Kwa hiyo, aliyeandika programu yake mwenyewe kwa G31 (amri ya kusogea hadi probi ishtuke) ahakikishe kitufe cha asilimia ya mwendo hakina nguvu wakati wa kugusa. Kikiachwa kwenye asilimia 50 wakati wa kukalibri na 100 wakati wa kazi, kila kipimo kitahama, na hakuna atakayejua kwa nini. Vivyo hivyo kichujio cha mtikisiko ndani ya probi: ukikiwasha ili kuzuia ishara za uongo, umeongeza kuchelewa kwa ishara, na lazima ukalibri upya.

Pete ya kipimo na jinsi inavyodanganya

Andika kwenye programu kipenyo kilichochorwa kwenye pete au kilicho kwenye cheti chake, si namba ya mviringo. Pete iitwayo ya 50 inaweza kuwa 49.997 au 50.002. Ukiandika kipenyo kilichozidi 0.010, nusu kipenyo cha kipira kitazidi 0.005. Kuanzia hapo matundu yote yatasomeka makubwa kwa 0.010, na vitu vya nje, kama mihimili na vichwa, vitasomeka vidogo kwa 0.010.

Sheria hiyo ya kinyume ni mojawapo ya vipimo vizuri kabisa vya uchunguzi. Baada ya kukalibri, pima kipande cha kipimo kwa nje, kisha pete ya ukubwa mwingine kwa ndani. Kama kimoja kinazidi na kingine kinapungua kwa kiasi kilekile, nusu kipenyo cha kipira kimewekwa vibaya. Kama vyote vinazidi au vyote vinapungua, na kosa linakua kadiri kitu kinavyokuwa kikubwa, lawama ni ya joto au ya skrubu za mashini. Kupima tena pete ileile uliyokalibria hakuthibitishi lolote zaidi ya kwamba probi inajirudia.

Usiibane pete kwa pembeni kwenye jiliwa. Itakuwa yai. Ikandamize kidogo kutoka juu kwa vibanio viwili. Kuinama kwake kidogo hakutishi kama watu wanavyodhani: pete ya mm 50 iliyoinama nusu nyuzi inaongeza karibu mikroni 2 tu, ingawa kwa nyuzi nzima ni karibu 7. Kupita nje ya kitovu ni kubaya zaidi. Kwa pete ya 50 na kipira cha 6, kukosa kitovu kwa 0.5 mm kunafupisha kipenyo kinachopimwa kwa 0.011 mm. Kukosa kwa 0.1 mm hakuleti hata mikroni moja. Ndiyo maana unatafuta kitovu mara mbili, na mara ya pili tu ndiyo unakalibri.

Ateliye isiyo na pete ina njia moja nzuri. Bana kipande cha chuma mezani, toboa na malizia tundu kwa kichwa cha kualezea kwenye mashini hiyohiyo, acha kipande palepale bila kukilegeza, kisha kipime kwa alezometa iliyowekwa sawa kwa mikrometa. Kitovu cha tundu hilo unakijua bila shaka, kwa sababu ni spindeli yenyewe iliyolikata, kwa hiyo mkengeuko wa X na Y utatoka safi kuliko hata kwa pete. Kipenyo kitategemea ubora wa alezometa yako. Ndani ya beringi mpya si mbadala wa pete: kwa beringi ya kawaida ya mm 50, kiwanda kinaruhusiwa kupunguza hadi mikroni 12, na hujui iliyo mkononi mwako imeangukia wapi.

Kwa makro za Renishaw kwenye mashini zenye kidhibiti cha Fanuc, kipira kikiwa juu ya kitovu cha pete na urefu wa probi umeitwa kwa G43, kazi ya nusu kipenyo inaonekana hivi:

G65 P9832
G65 P9810 Z-10. F3000
G65 P9803 D50.001
G65 P9833

P9832 inawasha probi, P9810 inaishusha kwa ulinzi ili isimame ikigonga kitu, P9803 inakalibri, P9833 inazima. P9802 ndiyo ya mkengeuko wa X na Y, na P9801 ni ya urefu. Katika mipangilio mingi, nusu kipenyo cha X kinakaa kwenye namba ya kumbukumbu #500 na cha Y #501, halafu mkengeuko unakaa #502 na #503. Zinakili kwenye daftari kabla ya kukalibri na baada yake. #500 na #501 zikiachana kwa zaidi ya mikroni 5, rudi kwenye jaribio la nne.

Joto la Lubumbashi

Vipimo vya viwanda vinahesabiwa kwa nyuzi 20. Chini ya paa la mabati, asubuhi ya Juni au Julai inaweza kuanza chini ya nyuzi 10, na mchana ikavuka 25. Chuma kinaongezeka karibu mikroni 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi, bronzi karibu 18, alumini karibu 23.

Kama pete, skrubu za mashini na kipande vyote ni vya chuma na vina joto moja, makosa yanafutana kwa sehemu kubwa. Tatizo ni vinapotofautiana. Bushi ya bronzi ya mm 200, ikiwa nyuzi 10 juu ya ile 20 pamoja na mashini yake, itazidi kipimo chake kwa mikroni 13 hata kama probi ni kamilifu. Pete iliyotoka kwenye droo ya ofisi iwekwe mezani saa moja au mbili kabla ya kazi. Usiishike mkononi: kiganja kinaipasha haraka, na ya mm 50 ikipanda nyuzi 10 imekua karibu mikroni 6.

Z ina tabia yake. Spindeli ikifanya kazi inapata joto na kurefuka, na kwenye mashini ya wastani kuhama kwa mikroni 20 hadi 50 si ajabu. Umeme wa SNEL ukikatika kwa saa mbili katikati ya kazi, spindeli inapoa, na urefu uliokalibriwa mashini ikiwa moto haufai tena. Umeme ukirudi, zungusha spindeli ikiwa na zana ya kawaida, si probi, dakika 20 hadi 30 kwa kasi ya kati, tembeza mihimili yote, kisha gusa uso wa rejea na ulinganishe. Kukatika kwa umeme kunashukiwa pia kwamba kumehamisha sifuri ya mashini. Kwenye mashini zinazotafuta nyumbani kwa swichi na alama ya enkoda, kosa la namna hiyo linaruka mzunguko mzima wa skrubu, yaani milimita kadhaa. Ukiona mikroni 15, tafuta kwingine.

Ishara na betri

Kosa la ishara kwa kawaida halibadilishi kipimo. Linasimamisha kazi kwa alamu, au probi inashtuka hewani kabla ya kugusa. Futa dirisha la kipokezi na dirisha la probi, kwa sababu maji ya kupozea yanaacha utando mweupe. Weka betri mpya za aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha probi, zote kwa pamoja, na pima volti zake kabla ya kuziweka, kwani betri bandia zinauzwa kwenye sanduku zuri kabisa. Probi inayoshtuka hewani inapotembea haraka ina sindano nzito mno au springi iliyolegezwa. Punguza kasi ya kusogea kwanza, kisha fikiria kichujio.

Kama jaribio la kwanza linabaki baya

Sindano mpya imekazwa, uso ni safi, kipande kimebanwa, na bado migusano kumi inatawanyika zaidi ya mikroni 5. Weka probi nyingine kama ipo, urudie. Nyingine ikiwa nzuri, utaratibu wa ndani wa ile ya kwanza umechakaa au maji yameingia kupitia utando uliotoboka. Usiifungue ateliyeni. Utando wa nje unaweza kuukagua na, kwa modeli nyingi, kuubadilisha, lakini gololi na springi za ndani hupangwa kiwandani.

Unapoituma kwa matengenezo, ambatanisha modeli na namba yake, urefu wa sindano, mwendo wa kugusa, namba zote kumi za jaribio la kwanza kwa X, Y na Z, na namba za #500 hadi #503 za mwisho zilizokuwa nzuri. Fundi wa upande wa pili akiwa na karatasi hiyo hataanza kukuuliza maswali kwa barua pepe wiki mbili.